Kondoo wa Sikio Fupi

"Usirudi bila yeye," Baba aliniambia asubuhi ile, huku akiangalia dirishani.

Anayemjua Amos Kearton atashangaa. Baba yangu akiwa na neno na mtu humkazia macho mpaka mtu huyo aanze kutafuta kofia yake aondoke. Siku ile aliongea na dirisha.

"Ni kondoo mmoja tu, Baba. Kizee, hata meno hana. Na ukungu unaweza kushuka saa yoyote."

"Ningekwenda mwenyewe kama si goti hili. Mrudishe kabla hajafika mbali. Umesikia, Dinah?"

"Nimesikia."

"Usipite Jiwe Refu."

"Sitapita."

"Na ukimwona mtu yeyote wa upande wa pili..."

"Nitamgeuzia mgongo," nikamalizia, maana wimbo huo niliujua wote.

Kondoo mwenyewe nilikuwa nikimwita Sikio Fupi. Kondoo wote wa Keldside, shamba letu, tunawakata ncha ya sikio la kushoto na kuwapaka mstari mwekundu kiunoni, ndiyo alama yetu, lakini yeye alikatwa zaidi ya wenzake, karibu nusu ya sikio. Wenzake walilala mlimani mwaka mzima. Yeye Baba alimfungia kwenye konde la nyuma ya nyumba miaka minne, na kila nilipouliza sababu niliambiwa ana miguu mibovu. Basi baridi ya wiki ile ikaporomosha sehemu ya ukuta, na huyo mwenye miguu mibovu akaruka mawe, akapanda mlima bila kugeuka nyuma. Nilizikuta nyayo zake kwenye barafu, zimenyooka kama za mtu anayewahi kazini. Nilizifuata mpaka kwenye miamba, zikapotea.

Mbwa wetu alikuwa na watoto wa siku mbili, hakukubali kuwaacha, kwa hiyo nilipanda peke yangu. Na kusema kweli nilifurahi kutumwa. Saa sita mchana Reuben Calvert angekuwa Jiwe Refu ananisubiri. Nilikuwa na neno moja la kumwambia, nimelifanyia mazoezi siku tatu mbele ya kioo.

Neno lenyewe lilikuwa hapana.

Alikuwa ameshafika. Alisimama upande wake wa jiwe, ule wa Hagg End, shamba la akina Calvert, mikono mifukoni, na alikuwa amenyoa ndevu.

"Umechelewa," akasema.

"Na wewe umenyoa. Kuna msiba?"

"Nimenyoa kwa ajili yako, ingawa naona hunishukuru." Alicheka, halafu kicheko kikaisha mapema. Macho yake yalikuwa yanapita usoni kwangu polepole, kama anayesoma barua anayoogopa kufika mwisho wake. "Scotland wamejibu. Wananitaka Jumatatu. Kuna nyumba, vyumba viwili na jiko zuri. Wamesema wanapenda mchungaji mwenye mke."

"Kwa hiyo unatafuta sifa za kazi."

"Nakutafuta wewe, Dinah. Acha mzaha kidogo. Nimetembea maili tatu nikijiuliza utasema nini."

Pumzi zetu zilikuwa zinakutana juu ya jiwe, nyeupe. Nikaangalia mikono yake, maana usoni nisingeweza.

"Siwezi, Reuben. Baba ana mimi tu. Mama alituacha nina miaka kumi, tangu hapo ni mimi na yeye. Nikiondoka na Calvert hataniona tena mpaka anakufa. Ameshaniambia."

"Baba yako ana wewe, na ana uongo wake."

"Usimtukane baba yangu."

"Mimi nimtukane? Na wa kwangu alitukanwa na nani?" Sauti yake ilipanda mpaka kwale wawili wakaruka kutoka vichakani, nami nikashtuka nao. "Alisimama kwenye mkutano wa wachungaji, watu wote wapo. Akasema, kondoo huyu ni wangu, nimemzalisha kwa mikono hii. Baba yako akasema Silas Calvert ni mwongo. Walimwamini nani? Mwenye sauti kubwa! Baba yangu akarudi nyumbani, hakuhudhuria mkutano tena. Miezi mitatu baadaye tukamzika."

Habari hiyo naijua, na kila mtu wa mabonde yale mawili anaijua. Kila vuli wachungaji hukutana kurudishiana kondoo waliopotea, na anayeamua ni sikio. Akina Calvert huchanja alama ndogo ya pembetatu kwenye ncha ya sikio la kushoto. Sisi tunaiondoa ncha nzima. Silas alidai kwamba kondoo wake alikatwa ncha ili ule mchanjo upotee. Lakini kitu kilichokatwa kikatupwa hakiwezi kutoa ushahidi, na Baba alishinda. Nilikuwepo. Nilipiga makofi.

"Mama yako je?" nikauliza. "Atanipokea?"

"Mama akisikia jina Kearton anatema mate."

"Basi atafurahi nikikataa."

"Na mimi? Mimi nitafurahi?"

Nilitamani kuvuka lile jiwe nikaweke kichwa kifuani pake, na nilijua nikifanya hivyo yale mazoezi ya siku tatu yamekwisha.

"Jibu ni hapana," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. Halafu akatazama nyuma yangu na sura yake ikabadilika.

"Dinah. Geuka."

Nikageuka. Kilele cha mashariki hakikuwepo. Bonde letu, moshi wa nyumba yetu, ukuta mrefu wa mpakani, vyote vilikuwa vimekwenda. Ukungu ulikuwa unakuja juu ya majani makavu bila sauti, na kabla sijafunga vizuri kitambaa cha Mama shingoni ulikuwa umetufikia. Nilirudi nyuma hatua nne tu, na Jiwe Refu likanipotea.

Mtu aliyezaliwa milima hii hajifanyi shujaa mbele ya ukungu wa Desemba. Juu kule hakuna njia wala mti, ni majani, mawe na madimbwi ya tope jeusi yanayomeza ng'ombe mzima. Na saa kumi jua linakwisha.

"Kila mtu aende kwake," nikasema.

"Umerukwa na akili? Nitakusindikiza mpaka ukuta wa kwanza wa kwenu. Nikiushika huo, nitageuka."

"Utarudije?"

"Hilo ni langu. Wewe umeshakataa mambo yangu yawe yako."

Hilo lilinichoma, na alikusudia linichome. Akatangulia, akipiga ardhi kwa fimbo kila hatua. Nilimfuata karibu sana hata nikamkanyaga kisigino. Tulitembea labda nusu saa, na ukuta ulikuwa haujafika, na wote wawili tulijua ulipaswa kuwa umefika.

Halafu Reuben akazama.

Hakupiga kelele. Alikuwepo mbele yangu, kisha akawa mfupi. Tope lilimfika kifuani, na mikono yake ilikuwa inashika majani yanayong'oka.

"Usinikaribie!" akapaza sauti. "Lala chini! Lala!"

Nililala kifudifudi. Mfukoni nilikuwa na kamba ya kufungia majani, hakuna mtu wa shamba asiye nayo. Niliikunja mara nne, nikamtupia, nikazungusha upande wangu kwenye jiwe na kuvuta mpaka viganja vikachanika. Sijui ilichukua muda gani. Namkumbuka akisema "nakuja, nakuja," na namkumbuka hasogei. Nilikuwa nalia na kumwomba Mungu na kumtukana Reuben kwa pumzi moja. Alipotoka alitoka ghafla, akaniangukia, na tope lake lilikuwa baridi kuliko kitu chochote nilichowahi kugusa.

"Sasa ndiyo nahitaji kunyolewa," akasema, meno yanagongana.

Nilimvua koti lililoloa, nikamvisha sweta langu na koti langu juu. Nilibaki na shati na kitambaa cha Mama. Nilipoinuka nikagundua kitu kilichonitisha kuliko tope: tulikuwa tumejizungusha mno pale chini, na sikujua tena nyumbani ni upande gani. Kila upande ulikuwa mweupe.

"Twende wapi?" nikanong'ona.

"Sijui, mpenzi."

Hapo mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mzee, kikavu, hatua chache tu kutoka tulipo. Reuben alinishika mkono.

"Nani?" akaita.

Kikohozi kikaja tena, karibu zaidi. Nikawaza habari za wachungaji waliofia huko juu wasizikwe, na nikatamani kukimbia, lakini kukimbia kwenda wapi? Kivuli kikajitokeza chini chini, kikatukodolea, kikatafuna.

Mstari mwekundu kiunoni. Sikio nusu.

"Ni wetu!" nikapiga kelele, na nikacheka na kulia. "Sikio Fupi! Reuben, tumepona! Atatupeleka nyumbani."

Msomaji asiyefuga hawezi kujua furaha ile. Kondoo wa milimani hufundishwa ardhi yake na mama yake angali ananyonya, na hiyo ndiyo nyumbani kwake mpaka afe. Hali ya hewa ikimchafukia hurudi huko hata katika giza. Basi mwenye alama ya Keldside atakwenda Keldside. Sikuwa na shaka nalo hata chembe.

"Atatupeleka kwenu," Reuben akasema.

"Ndiyo, kwetu."

"Baba yako ataniua."

"Baridi itakuua kwanza. Chagua."

"Utaniingiza kwa Amos Kearton mlangoni? Wewe?"

"Nitakuingiza jikoni, nitakuvua viatu, nitakukalisha kwenye kiti chake cha karibu na moto. Akitaka kukutoa atanitoa na mimi."

Aliniangalia, midomo imekuwa ya bluu. "Kwa hiyo jibu si hapana."

"Tembea, Reuben."

Nilimfunga kondoo kamba kwenye pembe, nikaiacha ndefu, nikajifunga upande wa pili kwenye kifundo cha mkono. Kamba iliyobaki nikamfunga Reuben na mimi. Kondoo mbele, mimi katikati, mpenzi wangu nyuma, tukaenda. Kizee kile hakikusita. Kilizunguka madimbwi bila kutazama, kilichagua mawe, na nilipolegea kilinivuta.

Nilihisi upepo shavu la kulia. Kwa kwenda kwetu ulitakiwa uwe la kushoto.

"Dinah," Reuben akasema nyuma. "Upepo..."

"Upepo umegeuka. Kondoo hakosei."

Baadaye akaacha kusema juu ya upepo. Akaacha kusema kabisa. Nilikuwa namsikia akitetemeka kupitia ile kamba, na mtetemo ule ulinipa moyo. Kisha nao ukakoma, nami nikaogopa kuliko mwanzo.

"Reuben! Niambie kuhusu lile jiko la Scotland."

"Lipi?"

"Jiko! Ulisema jiko zuri. Lina rangi gani?"

"Jeupe," akasema, na neno lilikuwa zito mdomoni kama la mlevi. "Joto... Sasa nasikia joto, Dinah. Nivue koti."

"Ukilivua nitakupiga."

"Nikae kidogo tu."

Akakaa. Nilimpiga kofi, kofi la kweli, lile lililomtoa machozi. Nilimshika masikio yote mawili nikamkaribia mpaka pua zikagusana.

"Nisikilize wewe mtu. Nimekupenda miaka miwili kwa kujificha kama mwizi. Sijawahi kukaa nawe mezani. Sijawahi kukuona unakula. Hutakufa kabla sijakuona unakula. Simama!"

Alisimama. Sijui alinielewa au aliogopa kofi la pili.

Tukaenda. Mwanga ulikuwa unakuwa wa kijivu. Na mbele yangu, upande wa kushoto, kitu kirefu kikaanza kuonekana ukunguni, cha mawe, kimeinama kidogo. Nilikitambua.

Lilikuwa bomba la moshi la mgodi wa zamani wa madini ya risasi. Tangu utotoni nimeliona kwa mbali, kutoka Jiwe Refu, nikikatazwa kulisogelea. Liko upande wa pili. Liko kwenye ardhi ya Hagg End.

Kamba ikanivuta. Kizee hakikuwa kimepotea. Kilikuwa kinaongeza mwendo, masikio mbele, lile zima na lile nusu.

Nikaelewa. Sikutaka, lakini nikaelewa, na vyote vilikuja pamoja: miguu mibovu isiyo mibovu, miaka minne kondeni, sikio lililokatwa zaidi ya wenzake, baba yangu akiongea na dirisha. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba kondoo huyu akipewa nafasi atakwenda nyumbani kwao na watu wataona. Alinituma mimi nimzuie. Silas Calvert alikufa akiitwa mwongo, na aliyemwita hivyo ndiye aliyenifundisha kusali.

Nilisimama pale nikiishika kamba. Naungama, maana mtu akisimulia mapenzi yake asimulie na aibu zake. Nilikuwa na kisu kiunoni. Nikiikata kamba, kondoo atapotelea ukunguni, na bomba lile litanitosha kuipata nyumba ya akina Calvert. Hakuna atakayejua. Baba atabaki Baba.

"Mbona tumesimama?" Reuben akanong'ona. Hakuwa ameona bomba. Macho yake hayakuwa yanaona kitu. "Tumefika kwenu?"

"Karibu," nikasema.

Sikuikata.

Ukuta ulikuja, kisha lango, kisha harufu ya moshi. Kondoo alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa zizi dogo pembeni mwa nyumba, akasimama hapo kana kwamba alitoka jana. Nilijifungua kamba yake, nikapiga mlango wa nyumba kwa ngumi.

"Nani?" sauti ya mwanamke.

"Dinah Kearton."

Nilisikia saa ya ukutani ndani.

"Bi Keziah, niko na Reuben. Aliingia topeni. Ameacha kutetemeka."

Mlango ukafunguka hata kabla sijamaliza. Keziah Calvert alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye mikono ya mwanamume. Hakuniangalia. Alikata kamba kati yangu na mwanawe kwa kisu cha mkate, akamburuta mpaka motoni.

"Mvue. Vyote. Aibu utaiona kesho. Kuna matofali kwenye oveni, yafunge kwenye taulo, weka kwapani. Usimsugue! Chai, sukari nne, kijiko kijiko."

Tulifanya kazi bila kupumzika. Giza lilikuwa limeingia Reuben alipoanza kutetemeka upya, kwa nguvu, kiti kizima kikitikisika, na mama yake akakaa sakafuni ghafla na kujifunika uso kwa aproni. Nikajua Reuben amepona.

Ndipo Bi Keziah akachukua taa akatoka uani. Nilimfuata. Alimwinamia kondoo, akapitisha kidole kwenye lile sikio, kwenye kovu, mara nyingi.

"Silas alimzalisha zizi hili," akasema. "Mvua ya mawe inanyesha. Mimi ndiye niliyeshika taa." Akaniinulia mwanga usoni. "Nani amemleta?"

"Amejileta. Mimi nilimfuata. Nilidhani anakwenda kwetu."

"Ukungu ukiondoka asubuhi baba yako atakuja kukutafuta. Utalisema hilo mbele yake? Hivyo hivyo ulivyoniambia?"

Niliinamisha macho kwenye lile kovu. Akaingia ndani, akaniacha na kondoo.

Walikuja saa tatu asubuhi. Watatu, kutoka mlimani, na fimbo ndefu za kutafutia maiti kwenye theluji. Wawili walikuwa majirani zetu, Enoch Peacock na kaka yake, wote walikuwepo mkutanoni mwaka ule. Wa tatu alikuwa anachechemea vibaya, mguu mmoja akiuburuta. Maili sita, kwa goti lile.

Niliogopa ukungu, niliogopa tope, lakini pale mlangoni niliogopa zaidi. Sikuogopa atanipiga. Niliogopa atadanganya tena, mbele yangu, nami nitalazimika kumsikia.

"Dinah!" Akatupa fimbo. Akanishika mabega, akanipapasa mikono, uso, kama ananihesabu viungo. "Mwanangu. Mwanangu. Nilidhani..." Akaona kondoo.

Alikuwa amelala mlangoni mwa zizi lake, anacheua. Enoch alikuwa ameshamwona. Kaka yake pia.

Bi Keziah alisimama kizingitini, mikono ameifunga kifuani. "Karibu, Amos. Kondoo wako amelala kwangu. Mchukue."

Baba hakusogea. Aliniangalia, na safari hii aliniangalia machoni.

"Nilimfuata, Baba," nikasema. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta. "Tulipotea. Reuben alikuwa anakufa. Nilimfunga kamba nikamwachia aende nyumbani. Sikumwongoza hata hatua moja. Alikuja hapa."

Enoch Peacock alikohoa, akatazama viatu vyake. Baba alikuwa na nafasi ya kusema kondoo amezeeka, amechanganyikiwa, msichana amechanganyikiwa. Niliiona ile nafasi usoni kwake, niliona akiitazama.

Akavua kofia.

"Huyu si wangu," akasema.

"Paza sauti," Bi Keziah akasema. "Siku ile ulipaza."

"Si wangu! Silas alisema kweli. Nilimkata mimi. Nilikuwa nimepoteza kondoo kumi na wanane kwenye theluji mwaka ule, nikasema mmoja hatajulikana. Halafu akaniita mwizi mbele za watu, na nikashindwa kurudi nyuma." Alimgeukia Enoch. "Umesikia? Basi kawaambie wengine."

"Kanisani nyuma kuna jiwe la kaburi lenye jina lake," Bi Keziah akasema. "Utakwenda uyarudie maneno hayo hapo."

"Nitakwenda."

"Na goti hilo hilo."

"Na goti hili." Akapangusa uso kwa kofia. "Nipe rangi yenu, Keziah."

Bi Keziah alikwenda ghalani, akarudi na kopo la rangi ya bluu na kijiti. Baba yangu alipiga goti lile bovu kwenye uwanja wa Hagg End, akamshika kondoo shingoni, akampaka alama ya Calvert begani. Ilipinda. Akairudia juu ya ile ya kwanza mpaka ikakaa sawa.

Ndani nikasikia mtu anaburuta miguu. Reuben alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, amejifunga blanketi, mweupe kama maziwa, amesikia kila neno. Hakumwangalia Baba. Aliniangalia mimi, na mkononi alikuwa na kipande cha mkate. Alikiinua nikione, akauma, akatafuna taratibu.

Bi Keziah akageuka. "Nani amekuambia utoke kitandani? Na wewe," akanigeukia mimi, kwa sauti ile ile ya ukali, "umesimama nje na shati jepesi unasubiri nini? Uji wake unapoa na mimi nina mikono miwili tu."

Nilimtazama Baba. Alikuwa bado chini, vidole vya bluu. Sikuweza kunyanyua mguu. Maisha yangu yote sikuwahi kupita mlango bila kujua atasema nini nikirudi.

"Baba?"

Alijaribu kusimama, goti likakataa, Enoch akamshika mkono. Alipokaa sawa alinifunga kitambaa cha Mama vizuri shingoni, kama alivyokuwa akinifunga nikienda shule, akanitia rangi ya bluu kidevuni bila kujua.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Nje baridi."

Nikaingia.